Sanduku la Sungura Lililozidi Ukubwa

Juzi niliteremka Same mjini kumsalimia mdogo wetu wa mwisho. Nawe unaijua safari hiyo: unaondoka Chome umevaa sweta, ukungu umekukalia mabegani, na ukifika stendi ya Same sweta unalivua, na upepo wa pale umeshakujaza vumbi masikioni kabla hujauliza kitu. Mdogo wangu ana nyumba yake siku hizi, ya matofali, vyumba vitatu na sebule, na kila mtoto wake ana kitanda. Nyuma ya nyumba amejenga banda la sungura. Sikuwa hata nimemaliza maji ya kunywa aliponishika mkono.

"Dada, njoo uone. Yule mweupe ameanza kujinyonyoa manyoya."

Nikaenda. Sungura alikuwa amebeba nyasi kavu mdomoni, zimemtokea pande zote mbili kama masharubu ya mzee wa kanisa, anazunguka nazo hajui aziweke wapi. Kando yake palikuwa na sanduku jipya la mbao. Niliinama nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaupeleka kulia, nikaupeleka kushoto, nikautoa.

"Punguza," nikamwambia.

"Dada! Nimepima."

"Punguza. Mama akiweza kuingia na kugeuka, basi. Humu hata wewe ungelala."

Alicheka mpaka akashika mlango wa banda. "Si niliwahi kulala?"

"Kwani unakumbuka?"

"Sikumbuki. Ila mmenisimulia mpaka nikakumbuka."

Tukacheka wote wawili, na harufu ile ya nyasi kavu, mbao mbichi na manyoya ikanipandisha mlimani bila nauli. Ngoja nikusimulie na wewe, kwa sababu wadogo zangu wanaikumbuka kila mmoja kwa namna yake, na mimi ndiye niliyekuwa na akili ya kutosha kuogopa.

Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja na kisebule, na jiko la nje lenye kuta za udongo. Bibi alilala jikoni. Si kwamba alinyimwa kitanda. Alisema mifupa yake imezoea moto, na mtu wa miaka yake hawezi kuanza kujifunza baridi. Sisi wanne tulilala kitanda kimoja kilichoachwa na wazazi, wawili vichwa upande huu, wawili upande ule, na miguu ya kila mmoja kwenye mbavu za mwenzake. Anayenifuata, msichana, alikuwa na miguu baridi kama chura. Wa tatu, mvulana, aliongea usingizini. Wa mwisho, huyu mwenye nyumba ya matofali, alilala popote palipo na joto, na asubuhi ulimkuta hujui alipitaje.

Asubuhi zetu zilianza kwa mbega. Walilia kutoka msitu wa Shengena kabla ya jogoo, sauti nzito kama mtu anayeburuta gogo, na bibi hapo hapo alianza kupuliza moto. Moshi ulipenya kwenye nyasi za paa ukachanganyika na ukungu mpaka hujui kipi ni kipi. Chai ilikuwa ya tangawizi, na makande ya jana yalipashwa kwenye chungu kile kile, yakiwa matamu kuliko yalivyokuwa jana. Tuliyala na parachichi lililoanguka lenyewe. Bibi hakupenda kuni zilizotawanyika jikoni. Ukiweka kimoja huku na kingine kule alikugonga kidole. "Ukitaka kuni ziwake, zisogeze," alisema, na ilikuwa amri ya jikoni tu, hakuna aliyeitafutia maana nyingine.

Kazi tuligawana. Mimi maji ya mfereji na jembe, anayenifuata kuni, wa tatu majani ya sungura. Kwa majani alikuwa bingwa: majani ya viazi vitamu, mchunga, magugu ya shambani kwa mama jirani ambaye alijifanya hamuoni. Hakuwapa yenye umande. Aliyatandaza kwanza juu ya paa la banda mpaka yakauke, maana yenye umande yaliwavimbisha matumbo. Jumamosi ikilia baragumu ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, watu wazima walikwenda kuzibua mifereji au kufukia mashimo ya barabara, na mlima mzima ulibaki wa watoto na mifugo.

Sungura walikuwa wa mama. Baba alitangulia, mama akabaki msimu mmoja wa mahindi, kisha akamfuata. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Nilikaa nyumbani wiki ya msiba, na wiki ile haikuisha.

Katika wiki hiyo hiyo sungura wetu wa kijivu alizaa. Hakuna aliyemkumbuka. Mama alikuwa akimwekea kikapu cha zamani cha kubebea ndizi, kidogo, mdomo wake umechakaa. Msibani kikapu kile kilibebea vyombo vya watu na hakikurudi. Basi akazaa pale pale juu ya fito za sakafu, na vitoto, vile vidude vya waridi visivyo na unyoya wala macho, vikateleza katikati ya fito vikaanguka chini. Aliyevikuta ni baba mkubwa, kaka yake baba, alipokwenda nyuma ya nyumba kuvuta sigara ya huzuni. Alirudi, nami nilimwona alivyonitazama.

Siku ya kuvunja matanga ukoo ulikaa. Watoto tulitolewa nje, lakini jiko la udongo halina siri. Baba mkubwa alikuwa fundi seremala huko Same mjini, mtu mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na moyo wake ulikuwa mwema. Usije ukamfikiria vibaya. Alisema yale ambayo mtu mwema yeyote angesema.

"Mama," alimwambia bibi, "nyumba hii haina nafasi. Hata sungura wamekosa pa kuzalia, sembuse watoto kukua."

Shangazi akakubali. Wakaanza kutupanga. Anayenifuata aende kwa shangazi Hedaru, nyumba ina vyumba vya kupangisha na kimoja kiko wazi. Wa tatu aende Same kwa baba mkubwa, ajifunze randa na msumeno. Wa mwisho aende kwa mjomba huko Shighatini, Ugweno, upande wa pili kabisa wa milima. Mimi nibaki na bibi, na kitanda kizima.

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha nyuma, wa mwisho yuko mapajani. Alikuwa anakula ndizi ya kuchoma na hajui kwamba kule ndani ameshahamishwa milima miwili.

Bibi aliwaacha wamalize kupanga. Mwishoni akasema, "Mniachie mpaka shule zifungwe. Mtoto haondolewi katikati ya muhula."

Wakaona ni haki. Bibi naye alijua anachonunua ni muda tu.

Sasa nikueleze kuhusu lile sanduku. Baba mkubwa alikuwa amekaa sokoni na gereji za Same maisha yake yote, na unajua tunavyotaniwa sisi Wapare kwa ubahili. Kila mteja akitaka kupunguziwa bei alimwimbia wimbo huo huo. "Fundi, nyie Wapare mkila yai mnabakiza ganda la kesho." Alicheka nao, lakini lilimwingia. Kwa hiyo alipotengeneza kitanda alikipa miguu minene. Akitengeneza kabati, lilikataa kupita mlangoni. Na mwezi uliofuata, mama jirani alipotuletea dume lake na sungura wetu wa kijivu akashika mimba tena, baba mkubwa akapata habari, akaamua kwamba safari hii watoto wa marehemu ndugu yake hawataona aibu ile tena.

Sanduku lilipanda mlima juu ya lori tupu la kubebea mbao, limefungwa kamba kama mgeni rasmi. Vijana wawili walilishusha. Lilikuwa na mfuniko wenye bawaba na vanishi inayong'aa, na pembe zake zimeungwa bila msumari hata mmoja kuonekana. Baba mkubwa mwenyewe alikuja nalo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya, angalieni. Wasije wakasema Mpare alimbania nafasi hata sungura."

Mdogo wetu wa mwisho aliingia humo, akalala, akanyoosha miguu, na haikugusa ukuta. Tulipiga makofi. Hatukuwahi kuwa na kitu kizuri namna ile, na nilipoona baba mkubwa anafuta jasho huku anatabasamu, nilidhani mambo yetu yamenyooka. Lakini kabla ya kuondoka alipita chumbani, akakitazama kitanda chetu kwa macho ya fundi, akatikisa kichwa. "Shule zinafungwa lini?" akaniuliza. Sanduku halikuwa limebadilisha kitu.

Nilijipa moyo kwa hesabu ya kitoto. Baba mkubwa alisema nyumba hii hata sungura hawawezi kuzalia. Basi wakizaliwa hapa na wakaishi, ataona kwamba wanaweza. Sikumwambia mtu. Lakini toka siku ile kila nilipompa yule sungura majani nilikuwa kama ninayempa kesi yetu aishike.

Harufu ya vanishi ilimkera. Alinusa, akapiga chafya, akageuka. Bibi akalisugua kwa majivu na kulianika siku mbili. Tukalijaza nyasi kavu. Siku alipoanza kujinyonyoa manyoya ya tumbo tulijua saa imefika. Tulipoamka asubuhi, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba banda hulioni mpaka uliguse, na wa tatu alifungua mfuniko kabla yangu.

Alipiga kelele, kisha akaanza kulia.

Vitoto vilikuwa kila kimoja mahali pake. Kimoja kona ile, kingine kona hii, viwili ukutani, kimoja katikati kama kilichopotea njia sokoni. Sungura alikuwa amezichimba nyasi akazirundika upande mmoja, na manyoya yake aliyoyang'oa kwa uchungu yametapakaa kote, hayajakifunika hata kimoja. Viwili vilikuwa vimeshapoa kabisa. Vingine ukivigusa ni baridi kama kokoto za mferejini, ila ndani yake kulikuwa na kitu kinachopiga.

Sikujua la kufanya. Bibi alijua. Alivichukua vilivyo hai akavifunga katika kanga, akaitia kifuani ndani ya sweta, akakaa karibu na moto kama mwanamke aliyejifungua jana. "Nyamazeni," alisema. "Mnapumua hewa yao."

Kelele zilimleta mama jirani, mjane mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Aliingia bandani, akatazama, akajishika kiuno.

"Hili ni sanduku la sungura au la bibi harusi?"

"Baba mkubwa ametengeneza," nikasema.

"Mmewajengea kanisa! Sasa waumini wenyewe watano na hawana nguo, unategemea wapate joto wapi?" Kisha akaona uso wangu, akashusha sauti. "Mwanangu, sungura si paka. Kitoto chake kikitambaa mbali hakibebi kwa mdomo kukirudisha. Kunyonyesha ananyonyesha mara moja kwa siku, anaondoka zake. Wanaobaki wanapashana joto wenyewe. Nafasi ikiwa kubwa wanatawanyika, na wakitawanyika ndiyo basi. Mama yako alikuwa anawawekea nini?"

"Kikapu cha ndizi."

"Kikubwa?"

Nilimwonyesha kwa mikono. Na hapo ndipo nilipoelewa. Sisi siku zote tulidhani mama aliweka kikapu kidogo kwa sababu hatukuwa na kikubwa.

Tulijaza nyasi pale penye uwazi, tukavirudisha vitoto vikiwa vimepata joto katika shimo dogo. Mchana sungura aliingia, akachimba, akazitawanya upya. Tukaweka jiwe, akalipanda; bibi akavirudisha vitoto kifuani. Kikapu kingine hatukuwa nacho, na mbao hatukuwa nazo, isipokuwa zile zilizokuwa mbele yetu zikimeremeta.

"Likate," mama jirani akasema.

Bibi alitazama chini. Kukata zawadi ya mkubwa, tena mkubwa yule, tena wakati ule! Mtu aliyeshika mkononi neno la kutuacha au kututawanya, umrudishie sanduku lake limekatwa kama fenesi. "Tungemsubiri mwenyewe," bibi akasema polepole.

"Atakuta nini akija?" nikauliza.

Vitoto vilikuwa vinasogea ndani ya kanga ya bibi, na ulisikia milio yao midogo kama mlango usiotiwa mafuta. Nilikwenda kwa mama jirani nikaazima msumeno.

Sikuwahi kushika msumeno. Anayenifuata alikalia upande mmoja wa sanduku ili lisicheze, wa tatu akashika upande mwingine, na wa mwisho alikusanya unga wa mbao kwenye kopo akisema anapika ugali. Vanishi ilichanika vibaya. Mstari wangu ulipinda kama njia ya mbuzi. Nilikata zaidi ya nusu, nikaziba kwa ubao mmoja wa kipande kile na misumari iliyonyooshwa kwa jiwe, nikaacha mlango wa chini wenye kizingiti ili kitoto kikining'inia kwenye chuchu kisiburutwe nje. Kilichobaki kilikuwa kidogo na kibaya, na kimelalia upande. Tukatia nyasi, tukaokota manyoya unyoya kwa unyoya kutoka kwenye kila kona, tukaviweka vitoto katikati na kuvifunika. Vilijisukuma vyenyewe. Kila kimoja kilitafuta ubavu wa mwenzake, na baada ya muda mfupi hukuweza kusema kuna vingapi. Palikuwa na kitu kimoja tu chini ya manyoya, kinapanda na kushuka.

Wa mwisho alichungulia akasema, "Wamelala kama sisi."

Vikaishi vyote vitatu. Vikaota unyoya, kijivu na cheupe na chenye madoa. Vikafumbua macho. Lakini mimi kila nilipolitazama lile sanduku bovu nilihesabu wiki zilizobaki, na shule zilipofungwa, asubuhi moja ya Jumamosi nikaona baba mkubwa na shangazi wanapanda njia, wamekuja na begi tupu. Ukubwa wa begi lile siusahau. Lilikuwa la nguo za watu watatu.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nyote wazima? Haya, nguo zenu zimefuliwa?" Shangazi hakupenda kuchelewa. Baba mkubwa yeye alikuwa ameshapita nyuma ya nyumba kwenda kuangalia kazi yake.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya banda. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye ule mstari wangu uliopinda, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nani amekata sanduku langu?"

"Mimi, baba."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya heshima toka siku ile, yote yakapotea. "Lilikuwa kubwa," nikasema. "Walitawanyika wakapoa. Wawili walikufa. Tukalipunguza, wakakaa pamoja."

Akageuka kunitazama, nikadhani sasa yamekwisha. "Nilikusudia wapate nafasi," akasema, si kwangu hasa.

"Ndiyo baba. Tia mkono."

Akasita, kisha akatia ule mkono wake mkubwa wenye kovu la patasi, akaupenyeza chini ya manyoya. Alikaa hivyo. Sungura kwa nje alikuwa anapiga miguu chini kumtisha. Uso wa baba mkubwa ulianza kubadilika kidogo kidogo, kama mtu aliyetia mkono mfukoni mwa koti la zamani akakuta kitu.

"Wanachemka," akasema. "Moto huu wote, hawana hata mama ndani?"

"Mama huja mara moja tu, akawanyonyesha. Joto ni lao wenyewe."

Alitoa mkono, akaingia ndani ya nyumba kwa mlango wa nyuma, nami nyuma yake. Alipita chumbani, akasimama mbele ya kitanda. Wadogo zangu walikuwa wamekaa juu yake kwa mstari, wamevaa nguo za safari, wamebanana kama ndege wakati wa mvua, na wa mwisho alikuwa amemshika anayenifuata sehemu ya sketi kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa anafungua begi.

"Funga," baba mkubwa akamwambia.

"Nini?"

"Begi. Lifunge. Watoto wanabaki."

Shangazi akasimama wima. "Kaka, umekunywa nini huko nyuma? Tulikaa, tukapanga. Chumba nimeshakipiga chokaa."

"Mpangishe mtu."

"Na hawa? Wanne kitanda kimoja? Eti kwa sababu umeona sungura? Kaka, watoto si sungura!"

"Najua," baba mkubwa akasema. "Sungura wana manyoya."

Bibi, aliyekuwa mlangoni na kijiko cha mbao mkononi, aliketi ghafla juu ya debe kama mtu aliyeondolewa mzigo kichwani. Shangazi alitazama huku na huku, akatazama ile mikono kwenye sketi, akakaa kitandani pamoja nao, na nilipomwona anavua viatu nikajua hasafiri na mtu siku ile. Mimi nilitoka nje. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikaegemea ukuta wa udongo uliokuwa na joto la moto wa ndani, na nikavuta pumzi. Rafiki yangu, sijui nikuelezeje pumzi ile. Nilikuwa sijaivuta tangu mama alipolala. Ilishuka mpaka magotini.

Tulikula makande pamoja, na begi lile shangazi alirudi nalo likiwa na parachichi na majani ya viazi. Baba mkubwa alikuwa na sharti moja, kwamba mimi niseme mwenyewe kama nitaweza. Nikasema nitaweza. Nilijua maana yake: sare yangu ya sekondari ilipunguzwa pindo ikawa ya anayenifuata, na darasani sikurudi. Sijalidai hilo kwa mtu hata leo. Kila mavuno baba mkubwa alipanda na gunia, na hakuchoka. Kile kipande cha sanduku nilichokikata alikichukua siku ile ile, akarudi nacho baadaye kikiwa kigoda, vanishi upande mmoja na alama za meno ya msumeno wangu upande mwingine. Alikataa kukipiga randa. Na sokoni, walipomtania kuhusu ubahili, nasikia alipata jibu jipya. "Kweli," aliwaambia, "mimi hata nafasi naibania. Waulize sungura wangu."

Sasa kigoda ndicho kilichobaki. Bibi alikwenda zake akiwa usingizini, karibu na moto wake, baada ya kumwona wa tatu akifungua karakana yake. Mama jirani naye hayupo, na shamba lake la magugu matamu limepandwa mikaratusi. Jiko la udongo lililainika kwa mvua za mwaka mmoja likarudi kuwa ardhi; nimejenga jingine la tofali, halina moshi, na sijui kwa nini makande humo hayaivi na ladha ile. Mbega bado wanalia, ila wako mbali, inabidi utege sikio. Baragumu siku hizi ni ujumbe wa simu. Kitanda kile mchwa walikishinda, nikakitia motoni vipande vipande, na kuni zake, nikizisogeza, ziliwaka vizuri sana. Wadogo zangu kila mmoja yuko katika vyumba vyake. Nikilala usiku nanyoosha miguu na haigusi mbavu za mtu. Nilipigania tusitawanywe, na tulitawanyika wenyewe, baadaye, kila mmoja akiwa ameshaota manyoya yake. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya sanduku.

Mdogo wangu alilipunguza lake siku ile ile, mimi nikiwa nimekaa kivulini namtazama. Mstari wake ulinyooka kuliko wangu. Jana asubuhi, nikiwa shambani Chome, ukungu ndio kwanza unainuka, simu ikaita.

"Dada, amezaa."

"Wako wapi?"

Nilisikia mlango wa banda ukilia, kisha sauti yake ikashuka kama ya mtu aliye kanisani.

"Siwezi kuwahesabu. Wamerundikana."

"Umetia mkono?"

"Nimetia. Dada, wanachemka."

"Basi," nikamwambia. "Wafunike, uwaache."